Imani, amana na ile "nipo njiani" yetu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nawahubiria watu. Kuna kipindi jamaa mmoja tunayesali naye aliniachia hela nimtunzie, akaniamini kwa sababu tunakaa benchi moja kanisani na nadhani pia kwa sababu ananionaga nasali nimefumba macho. Hela ikakaa wiki mbili tatu kwenye akaunti yangu imechanganyikana na ya kwangu, afu nikabanwa na shida nikachukua kidogo, nikasema mwisho wa mwezi narudisha, nikachukua tena kidogo, mpaka siku aliyonipigia kwamba anaihitaji ilikuwa imebaki jina tu. Tukapanga tuonane. Alipopiga mara ya pili kuniuliza nimefika wapi nikamjibu bila hata kufikiri, "nipo njiani kaka, dakika kumi tu", na muda huo nilikuwa nimelala chali kitandani naangalia dari, viatu viko chini ya meza. Alisubiri amesimama karibu masaa mawili. Ilikuwa Jumapili jioni. Asubuhi yake nilikuwa nimesimama na watu wote tukatamka Nasadiki, ile kanuni ya imani ya kanisani, mwanzo mpaka mwisho na sikukosea hata neno.

Sasa maelezo ya kawaida ya kitu kama hicho tunayajua wote, kwamba roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, yaani imani ipo ila utekelezaji ndo unasumbua. Ni maelezo matamu sana kwa sababu yanaiacha imani yako ikiwa safi kabisa haijaguswa, tatizo linabaki kwenye mwili tu, kama gari zima lenye tairi moja bovu. Mi siyakubali tena. Siku ile mwili wangu haukuwa dhaifu hata kidogo, ulikuwa umepumzika vizuri tu kitandani. Kilichokosekana ni imani yenyewe, na nadhani wengi wetu ndo tulipokwama, tumeichukua imani kama majibu ya mtihani, ukiyakariri na kuyatamka bila kukosea umefaulu, halafu maisha ni somo lingine kabisa lenye mwalimu mwingine.

Kinachonishangaza ni kwamba lugha yetu wenyewe inatukatalia huo mgawanyo kila tunapofungua mdomo. Angalia haya maneno: imani, kuamini, mwaminifu, amana, amani. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, alif-mim-nun, na hata ile Amina tunayomalizia sala, ambayo imetoka kwenye Kiebrania, ni ndugu wa mzizi huohuo. Maana ya chini kabisa ni kitu kilicho imara, ambacho ukikiegemea hakikuangushi. Kwa hiyo Mswahili akisema fulani ana imani na mwingine akisema fulani si mwaminifu na wakawa wanamzungumzia mtu yuleyule, hapo kuna jambo haliko sawa, ni kama kusema maji haya yamechemka ila ni ya baridi. Na kuna kitu kingine ambacho mi naona ni zawadi kabisa, kwamba tukisema "yule mtu hana imani" mara nyingi hatumaanishi kwamba haamini Mungu, tunamaanisha ni katili, hana huruma, anaweza kumpita mtu ameanguka. Mbibi ambaye hajawahi kusikia habari za mtaguso wowote, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, anajua kwamba asiye na huruma hana imani. Wanateolojia wameandika vitabu vinene kufika hapohapo.

Afu amana ndo inayonichoma zaidi, na si kwa sababu ya stori yangu peke yake. Mwaka 112 hivi, gavana wa Kirumi aliyeitwa Plinio, aliyekuwa anatawala Bithinia na Ponto kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia kaizari Trajani barua akiomba ushauri awafanye nini hawa watu wanaoitwa Wakristo. Hakuwa anawapenda, alishaua baadhi yao, na alitesa watumwa wawili wanawake waliokuwa na huduma kwenye hilo kusanyiko ili wamwambie ukweli. Anachoripoti ni moja ya maelezo ya zamani kabisa ya watu wa nje kuhusu Wakristo wanafanya nini wakikutana, na ni mafupi mno. Wanakusanyika siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanaimba kwa kupokezana wimbo kwa Kristo kama kwa mungu, halafu wanajifunga kwa kiapo. Plinio alitegemea kiapo cha kupanga uhalifu, lakini alichoambiwa ni kwamba wanaapa kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja neno lao, na kutoikana amana pale mwenye nayo anapoidai.

Rudia hapo mwisho. Amana. Kati ya mambo yote ambayo watu wanaowindwa na serikali wangeweza kuapa alfajiri wakiwa wamejificha, mojawapo lilikuwa kurudisha hela ya mtu uliyopewa uitunze. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Na angalia mpangilio wake, maana hapo ndo uchambuzi wenyewe ulipo. Kwanza wimbo kwa Kristo kama Mungu, yaani fundisho kubwa kuliko yote, lile ambalo miaka mia mbili baadaye litawagombanisha maaskofu. Kisha moja kwa moja amana na ndoa na neno la mtu. Plinio ameandika hivyo viwili vimefuatana kwenye sentensi moja na haonekani kushangaa, na waliomweleza hawakuona kama wameruka kutoka mada moja kwenda nyingine.

Sisi tukaja tukavitenganisha. Sijui ilianza lini hasa, ila naona dalili mapema sana. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, kaizari Konstantino akiwa ndo mwenyeji, wakamjibu Ario, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana, yaani Yesu, ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe vyote ila kiumbe, na kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Mwaka 381 wakakutana tena Konstantinopoli na Nasadiki ndefu tunayoijua leo ikahusishwa na mtaguso huo. Kipindi hichohicho askofu Gregori wa Nisa alikuwa analalamika kuhusu watu wa huo mji, kwamba ukienda kuchenji hela unaambiwa habari za aliyezaliwa na asiyezaliwa, ukiulizia mkate unajibiwa kwamba Baba ni mkuu na Mwana yuko chini yake, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari mhudumu anakwambia Mwana ametoka kwa kisichokuwepo. Inachekesha, na mi nikiisoma nawaona kabisa watu wetu wa sasa hivi kwenye magrupu ya simu, wanatukanana kuhusu ubatizo wa maji mengi na maji machache mpaka saa nane usiku.

Lakini Gregori huyo alikuwa na kaka yake, Basili wa Kaisaria ya Kapadokia, na huyu ndo anayeniokoa nisije nikasema mafundisho hayana maana tuache tupendane tu. Basili alisimama mbele ya watu wa kaizari Valens, aliyekuwa upande wa wafuasi wa Ario, akakataa kulegeza Utatu hata nukta. Huyohuyo wakati wa njaa kubwa ya karibu mwaka 369 aliwaambia matajiri kwamba mkate uliouficha ni wa mwenye njaa, nguo iliyoko sandukuni ni ya aliye uchi, na viatu vinavyooza kwako ni vya asiye na viatu, halafu nje ya mji akajenga makao makubwa ya maskini na wagonjwa, hadi wenye ukoma ambao kila mtu alikuwa anawakimbia. Tena inasemwa kwamba yeye mwenyewe, askofu, alikuwa anawakumbatia. Mtu mmoja, kazi mbili? Mi naona ni kazi moja. Maana kama Ario angekuwa sahihi, basi Mungu alibaki juu akatuma msaidizi, kama bosi anayetuma katibu wake msibani na bahasha. Nikea inasema hapana, alikuja mwenyewe. Ukiamini hivyo kweli, huwezi kuridhika na kumtumia mgonjwa meseji ya pole yenye vikatuni vya mikono iliyofumbatana wakati hospitali unaipita kila siku ukitoka kazini. Na ukitaka kujua "Neno alifanyika mwili" inapingana na nini hasa, inapingana na "nipo njiani".

(Hata maadui waliliona. Kaizari Juliani, aliyetawala 361 mpaka 363 na kujaribu kurudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba ni aibu, hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu juu yake.)

Kitu ambacho watu wengi hawajakigundua ni kwamba ukiichukua Nasadiki yote, ile fupi ya Mitume au ile ndefu, hamna amri hata moja ndani yake. Hakuna usiibe, hakuna toa zaka, hakuna usilewe. Ni habari tu za Mungu ni nani na amefanya nini. Wapo wanaosema hilo ni pengo, kwamba ingetakiwa iwe na mistari ya maadili. Mi naona ni akili sana, maana amri unaweza kuitii huku umenuna, lakini habari ukiiamini inakubadilishia ramani. Akikwambia mtu nyumba inaungua huhitaji amri ya kutoka.

Chukua muumba wa mbingu na dunia. Tunaupita mstari huo mbiombio kama salamu, lakini kama dunia ina mwenyewe basi hela yangu, muda wangu, mwili wangu, hata mfanyakazi ninayemlipa, vyote nimepewa nivitunze tu, yaani tumerudi palepale kwenye amana.

Au Pontio Pilato. Umewahi kujiuliza anafanya nini mle ndani? Waliotajwa kwa majina zaidi ya Yesu ni wawili tu, Maria na huyu gavana, Petro hayupo, Paulo hayupo. Sababu ya kwanza ni kwamba inafunga tukio kwenye historia, Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 mpaka 36 hivi na jiwe lenye jina lake lilipatikana Kaisaria ya pwani mwaka 1961, kwa hiyo hizi sio hadithi za hapo zamani za kale. Ila sababu inayonisumbua mimi ni nyingine. Pilato hakumchukia Yesu. Alijua hana kosa, akasema wazi hana kosa, halafu akanawa mikono kwa sababu kelele zilikuwa nyingi na kazi yake ilikuwa tamu. Kila kikao cha kazi ambacho mwenzako anasingiziwa kosa na wewe unajua ukweli ila unaangalia simu yako chini ya meza, pale kuna mtu anaiishi Nasadiki, sema amechagua nafasi mbaya kwenye stori.

Ufufuo wa mwili nitaupitia haraka ingawa unastahili zaidi. Watu wa Athene walimsikiliza Paulo vizuri mpaka alipofika hapo, wengine wakaanza kucheka, kwao roho ndo ilikuwa mali na mwili ni gunia. Na sisi tunasema "ufufuo wa miili" halafu tunaongea kama watu wa Athene, roho roho roho, mpaka mtu anayemuogesha mzazi wake aliyepooza anaonekana anafanya kazi za nyumbani na anayekesha akinena kwa lugha ndo anaonekana wa kiroho.

Lakini mstari nilioukalia kwa muda mrefu kuliko yote ni maondoleo ya dhambi. Kiswahili kimesema ondoleo, kutoka kuondoa. Haijasemwa kufunika, wala kusahau, wala kupotezea. Kitu kilikuwa hapa, kimeondolewa. Na kuondoa mzigo kuna mtu anaubeba, hilo ndo msalaba unasema. Hapa ndo tumeharibu kuliko sehemu nyingine yoyote, tena tumeharibu kwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa kwanza ni wa mkosaji. Anaiba, anapiga, anasingizia, afu anaenda anapiga magoti analia na kusimama mwepesi, "Mungu ameshanisamehe", na ukimkumbusha wewe aliyekukosea anakuangalia kama una roho mbaya, wewe ni nani kubeba alichoachilia Mungu. Upande wa pili ni wa aliyekosewa, huyu anaambiwa samehe tu, wewe si Mkristo? Mwanamke kapigwa mpaka jicho halifunguki anakaa mbele ya wazee, na swali la kwanza anaulizwa yeye, eti utamsamehe lini, mume hajaulizwa chochote. Hiyo ni imani imegeuzwa plasta ya kuzibia mdomo wa mtu anayelia. Msamaha ukidaiwa kwa nguvu ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza, na mtu anaweza kusamehe kwa moyo wote na bado akahama nyumba na bado akaenda polisi, hivyo vitu havipigani.

Mfikirie Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru kwenye Injili. Tunamwimbia watoto kwamba alikuwa mfupi akapanda mkuyu, tunaishia hapo juu ya mti. Alipokuwa chini, nyumbani kwake, akasema nusu ya mali anawapa maskini, na kama kuna mtu alimnyang'anya kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Sheria ya Musa kwa mtu anayekiri mwenyewe ilitaka arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano, mara nne ilikuwa ni kiwango cha mwizi wa kondoo, aliyeiba akachinja au akauza. Zakayo alijihukumu kama mwizi wa kondoo, hakuna aliyemlazimisha. Na baada ya kusema hayo ndo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Najua kuna mtu ameshaandaa jibu, kwamba hapo nahubiri wokovu wa matendo, tumeokolewa kwa neema. Sawa. Ugomvi huo una historia ndefu, kuanzia Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, mwaka 1517 Wakatoliki na Walutheri wameshutumiana kuhusu jambo hilohilo, damu imemwagika, na ilikuja kufika tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg ndo wakasaini tamko la pamoja kwamba ni kwa neema peke yake tunakubaliwa na Mungu, sio kwa stahili yetu, na kwamba huyo Roho tunayempokea ndo anatutia nguvu na kutuita kwenye matendo mema. Miaka 482. Wamethodisti wakajiunga nao mwaka 2006. Kwa hiyo kwenye karatasi jambo limetulia zaidi ya watu wanavyodhani, Zakayo hakununua wokovu, Yesu alishajialika kwake kabla hajaahidi hata senti. Ila neema iliyoingia nyumbani haikumwacha na hela za watu kabatini. Yakobo kwenye waraka wake alishamaliza hili kwa kejeli moja nzuri, kwamba unaamini Mungu ni mmoja, hongera, hata mashetani wanaamini hivyo, tena wenzako wanatetemeka.

Na wapo wasioamini chochote ambao ni waaminifu kuliko mimi, siwezi kubishana na hilo, mmoja wao ndo aliyenikopesha baadaye.

Maana nilienda kuungama. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nimetengeneza sentensi, nikasema nimekosa uaminifu katika mambo ya fedha na nimesema uongo, maneno mapana mapana hivi yasiyo na sura ya mtu. Kukawa kimya kidogo upande wa pili wa ile wavu, afu padri akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeulizia muda, "Ya mtu umerudisha?" Nikasema bado baba. Akasema, "Sasa tunaondoa nini?" Hakunifukuza, alinipa maondoleo, ila kitubio changu hakikuwa Salamu Maria kumi kama nilivyozoea. Aliniambia nikaanze kurudisha wiki hiyohiyo, hata kama ni kidogo, na nimwambie yule mtu ukweli wa siku ile kabla sijamwambia kitu kingine chochote.

Kumwambia ndo ilikuwa kazi. Hela unaweza kuituma na mtu asikuone uso. Nilimpigia, nikamwambia siku ile sikuwa njiani, nilikuwa nimelala kitandani, na hela yako nimeila. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Afu akasema, "Nilijua. Ule muda wote nimesimama pale nilijua, ila nilikuwa nakusubiri tu." Sikulala vizuri siku hiyo.

Ilinichukua miezi minne kumaliza. Kila nilipotuma alikuwa anajibu neno moja, "Nimeiona", hakuna asante hakuna Mungu akubariki, na kwa kweli sikustahili asante. Kanisani nilihamia benchi la upande wa pili, na padri akitangaza tupeane amani nilikuwa nageukia watoto nawashika mikono mmoja mmoja taratibu mpaka muda uishe.

Jumapili baada ya malipo ya mwisho nilirudi benchi letu. Sikumwangalia. Amani ilipotangazwa nikageuka kulia na mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, nikaushika, hakuuachia haraka. Akainama karibu na sikio langu akauliza, "Umefika?"

Nikashindwa kujibu, nikaishia kucheka kicheko cha aibu, na yeye akageuka kumpa mkono mama aliyekuwa nyuma yetu.